Ada ya chuo na shamba la michikichi: jibu kwa mvuvi wa Kibirizi

Swali: Msomaji wetu wa Kibirizi, Kigoma, anaandika: "Mdogo wangu wa kike amefaulu vizuri kidato cha sita na anataka kusomea shahada ya ualimu. Sasa hivi yuko kambini JKT. Anafikiria vyuo viwili: cha umma Dodoma, ada 1,000,000 kwa mwaka, na cha binafsi Mwanza, ada 1,600,000. Vyote miaka mitatu. Baba alifariki miaka miwili iliyopita, cheti cha kifo hatukuchukua. Mimi ni mvuvi wa dagaa na ziwa limefungwa hadi Agosti. Mama anasema tuuze shamba la baba la michikichi, ekari mbili, tulipe ada. Baba mdogo anasema mkopo wa Bodi ya Mikopo ni kitanzi, mtoto akipata kazi mshahara wote unakwenda. Tufanye nini?"

Jibu: Kaka, poleni kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa mdogo wako. Naanza na shamba kwa sababu likishauzwa halirudi: msiliuze.

Mchikichi uliotunzwa huzaa miaka 25 na zaidi. Chuo kitadai miaka mitatu mfululizo. Mkiuza leo, fedha italipa mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili, kisha mwaka wa tatu utamkuta binti hana ada na nyumbani hamna mawese ya kuuza. Wanunuzi wa mashamba nao wanaijua kalenda ya vyuo kama ninyi mnavyoijua. Mtu anayeuza Septemba kwa sababu chuo kinafunguliwa Oktoba hapewi bei ya shamba, anapewa bei ya shida yake.

Tena shamba hilo ni mirathi. Kwa vile hata cheti cha kifo hamna, nadhani pia hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bila msimamizi, mama hana mamlaka ya kuuza peke yake, wala wewe, wala baba mdogo. Mnunuzi makini atakataa, na asiye makini atanunua kwa bei ya kutupa, kisha mtaonana naye baraza la ardhi. Kama ni lazima shamba litoe fedha mwaka huu, kodisheni mavuno ya msimu mmoja kwa idadi ya michikichi inayotajwa. Mkataba uandikwe, tarehe ya mwisho ionekane, mashahidi watoke serikali ya kijiji au mtaa, na wenye haki wote katika mirathi wawe wamekubali. Hapo shamba linabaki lenu.

Sasa tuhesabu, maana hofu kubwa nyumbani kwenu inatokana na kuitazama ada peke yake. Hilo halishangazi. Tangu 2016 wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hawalipi ada, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 kidato cha tano na sita nao wakasamehewa. Familia inaweza kumfikisha kijana mlango wa chuo bila kukutana na ankara kubwa, halafu ghafla inaambiwa milioni.

Chukua chuo cha Dodoma. Ada 1,000,000. Michango mingine, yaani usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya (kwa wanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka) na mchango wa Tume ya Vyuo Vikuu wa 20,000, itengee 200,000 mpaka mtakapoona fomu ya kujiunga yenyewe. Chakula na malazi: muhula una wiki 17, mihula miwili ni siku 238, na kwa kiwango cha Bodi ya Mikopo cha 10,000 kwa siku ni 2,380,000. Vitabu na shajala 200,000. Kwa wanaosomea ualimu kuna mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi huita fildi: siku zisizozidi 56 kwa 10,000 ni 560,000. Jumla ya mwaka wenye fildi ni 4,340,000. Tukichukulia fildi mbili katika miaka mitatu, shahada nzima inagharimu 12,460,000.

Angalia hapo ada iko wapi. Ni 3,000,000 katika 12,460,000, haifiki robo. Kwa chuo cha Mwanza jumla ni 14,260,000 na ada ni kama theluthi yake. Kinachowaangusha vijana wengi ni ile kula, kulala na kusafiri kwa siku 238, na vitu hivyo ndivyo vinavyopanda bei bila tangazo la chuo. Posho ya Bodi ilikuwa 7,500 kwa siku, ikaja 8,500, na mwaka wa masomo 2022/2023 ikawa 10,000. Toa kodi ya chumba, tuseme 50,000 kwa mwezi, ambayo ni kama 1,650 kwa siku. Toa daladala kwenda na kurudi. Kinachobaki ni cha milo miwili na kikombe cha chai, na fotokopi nayo inasubiri. Kwa hiyo chuo chenye hosteli ya bei nafuu ndani ya eneo lake kinaweza kuwa rahisi kuliko chuo chenye ada ndogo ambako binti atapanga geto mbali na kupanda magari mawili kila asubuhi. Mnapolinganisha vyuo, ulizeni vitanda vya mwaka wa kwanza vipo vingapi na hugawiwa vipi, kabla ya kuuliza ada.

Kwa sababu hiyo mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndio mhimili wa mpango wenu. Hapo ndipo nataka mtumie nguvu zenu mwezi huu, kwa sababu wengi wenye uhitaji wa kweli huukosa kwa makosa ya karatasi.

Cha kwanza kabisa ni cheti cha kifo cha baba. Bila cheti hicho, kwenye mfumo wa Bodi mdogo wako anahesabika ana baba, na kipimo cha uhitaji kinamweka na wenye wazazi wawili. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la vizazi na vifo, ukiwa na kibali cha mazishi au tangazo la kifo kutoka hospitali. Kama mzee alifia nyumbani, anza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji akuandikie barua. Mkishakipata hamjamaliza: lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti, na majibu ya uhakiki ndiyo yanayoambatishwa kwenye maombi. Uhakiki hujaa foleni majira ya Julai na Agosti, kwa hiyo msisubiri cheti kimoja ili mpeleke vyote pamoja. Cha kuzaliwa kipeleke leo, cha kifo kitafuata. Cheti hicho hicho cha kifo ndicho mtakachokihitaji mahakama ya mwanzo kwa ajili ya mirathi, kwa hiyo safari ni moja.

Pili, majina. Chukua cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne uviweke pamoja, usome herufi kwa herufi. Huku kwetu jina la baba likiandikwa Hamisi kwenye cheti kimoja na Khamis kwenye kingine, kila mtu anaelewa ni mtu yule yule. Mfumo hauelewi. Tofauti ya herufi inahitaji hati ya kiapo, na jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ni bora kulijua hilo Julai kuliko kuambiwa Oktoba kwamba maombi yana dosari.

Tatu, namba ya mtihani. Maombi ya mkopo hufunguliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo hiyo lazima itumike kuomba chuo. Kama binti alirudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili. Akiomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, Bodi itamwona kama mtu asiye na udahili na hatapangiwa chochote, hata kama kila kiambatisho kiko sawa.

Nne, na hili nalisisitiza kwa sababu linaumiza wengi Kigoma na Tabora: steshenari. Vijana hujaziwa fomu na mhudumu wa steshenari, naye kwa haraka anaweka barua pepe yake na nywila anayoijua yeye. Miezi mitatu baadaye ujumbe wa kurekebisha dosari unatua kwa mhudumu, na kijana hana habari. Barua pepe iwe ya binti mwenyewe, namba ya simu iwe laini yake iliyosajiliwa kwa jina lake, nywila iandikwe kwenye daftari libaki kwa mama. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye vyeti, na iwe hai. Ile ya watoto aliyofunguliwa zamani ikalala haifai.

Kwa kuwa yuko kambini, gawaneni kazi. Wewe kusanya vyeti, uhakiki, picha na vitambulisho. Mdhamini anaweza kuwa mama au wewe, mradi awe na kitambulisho kinachokubalika, ikiwemo namba ya NIDA. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakizitembelea baadhi ya kambi kuwasaidia vijana, kwa hiyo aulize kwa viongozi wake hapo hapo. Ada ya maombi ni 30,000, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, kupitia benki au simu. Fomu ikishajazwa huchapishwa, kisha husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Kurasa zilizosainiwa hupigwa picha safi na kurudishwa kwenye mfumo. Hapo ndipo wengine huishia: wanalipa, wanajaza, wanasaini, lakini hawabonyezi hatua ya mwisho ya kuwasilisha. Mkimaliza, ingieni tena siku inayofuata muone hali ya maombi inasomaje. Ikionyesha dosari, Bodi hutoa muda wa kurekebisha, lakini muda huo ni mfupi.

Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, namba ya kaya ijazwe. Kama yupo mwenye ulemavu, fomu isainiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya. Msiandike kipato cha uongo, msiongeze wala kupunguza. Andikeni kwamba mlezi ni mvuvi na mama ni mjane mkulima, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na yeyote atakayekupigia akitaka "hela ya kusukuma faili" ni tapeli. Hakuna faili linalosukumwa, majina hupangwa kwa mfumo.

Majibu hutoka kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Kukosa awamu ya kwanza si kukataliwa. Asipoonekana awamu zote, lipo dirisha la rufaa, na rufaa inayosikilizwa ni yenye kiambatisho kipya, kama kile cheti cha kifo kilichochelewa. Malalamiko matupu hayabadilishi kitu.

Isomeni vizuri karatasi ya upangaji. Mkopo una vipengele, na mtu hapewi vyote sawa. Wengi hupata chakula na malazi kamili, lakini ada wanapewa sehemu tu, wengine sifuri. Bodi pia haikopeshi ada yoyote itakayotajwa na chuo, ina viwango vyake kulingana na programu, na tofauti ni ya familia. Hapa ndipo chuo cha Mwanza kinapokuwa kizito kwenu. Tuseme amepewa chakula, vitabu, fildi, na nusu milioni ya ada. Dodoma mtabaki na 500,000 ya ada na 200,000 ya michango, jumla 700,000 kwa mwaka. Mwanza mtabaki na 1,100,000 na michango ile ile, jumla 1,300,000, na vyuo vya binafsi mara nyingi vina michango zaidi ya hapo. Kwa mvuvi anayepumzishwa miezi mitatu kwa mwaka, tofauti hiyo ni nzito. Mimi ningeweka Dodoma ya kwanza. Ningeongeza pia chuo kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kule Tabora, kilicho chini ya Mtakatifu Augustino. Kinafundisha ualimu, kipo kwenye njia ya reli ya kati, na safari ya likizo inakuwa fupi kuliko ya Dodoma. Ni cha binafsi, kwa hiyo pigieni hesabu ile ile kabla ya kuamua.

Hata mkopo ukitoka kamili, kuna shimo la mwanzo ambalo familia nyingi haziandai. Fedha ya kujikimu, bumu kama wanavyoiita wenyewe, haitoki siku ya kufika chuoni. Mwanafunzi hujisajili kwanza, chuo hutuma taarifa, yeye husaini kwa alama za vidole, ndipo benki hupokea. Hizo zinaweza kuwa wiki kadhaa. Andaeni wiki sita: chakula kwa 6,000 kwa siku ni 252,000. Nusu ya ada, 500,000, maana vyuo vingi husajili kwa awamu ya kwanza. Michango 200,000. Akikosa hosteli, wenye nyumba hudai miezi sita mbele, 300,000 kwa chumba cha 50,000. Jumla 1,252,000. Weka nauli, godoro na ndoo, fanya 1,400,000.

Hiyo ndiyo fedha mnayotafuta sasa, kaka, na ni ndogo kuliko thamani ya shamba. Ziwa lilipofungwa 2024 lilikuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na ninyi wavuvi mnajua kwamba kufunguliwa hakumaanishi kuvua kila usiku, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Kutoka katikati ya Agosti hadi mwisho wa Oktoba una giza mbili, yaani vipindi vya usiku usio na mbalamwezi, pengine tatu. Weka lengo la 700,000 kwa kila giza kwa mbili za kwanza, na fedha hiyo iende kwenye akaunti ya binti, isikae kwenye simu yako. Giza ya tatu ikipatikana iwe akiba ya muhula wa pili.

Kuna njia za kuziba pengo ambazo nawasihi mzikwepe. Mikopo ya kausha damu: ukichukua 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ndani ya miezi mitatu umelipa 300,000 ya riba juu ya ile uliyochukua, na ada ya muhula wa pili bado iko palepale. Mkopo wa vijana wa halmashauri, ile sehemu ya asilimia kumi, ni wa kikundi na ni wa biashara. Ukiugeuza ada, wenzako watalipa deni lako na kikundi kitavunjika. Mchango wa ndugu ni mzuri, ila uombe kwa ankara mkononi: "tunahitaji 200,000 ya michango ya chuo kufikia tarehe fulani." Watu hutoa wanapoona kitu kinachohesabika.

Ikitokea mkopo haukutoka kabisa na 1,400,000 haijapatikana, shauri langu halitampendeza binti: asianze. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu naona linavyowaharibu vijana. Anaanza na nauli na matumaini, analipa nusu ya ada ya muhula wa kwanza, wa pili anazuiwa kufanya mitihani kwa sababu anadaiwa. Kabla ya hapo ameshakaa wiki akila mlo mmoja, ameuza simu, amelala chumbani kwa wenzake, au ameingia kwenye uhusiano na mtu anayemlipia kodi. Wavulana wengi huijaribu bahati kwenye kubeti kwa fedha ya chakula. Akifeli, anabeba sapu, yaani mitihani ya marudio, zikizidi ni disko, yaani kuondolewa chuoni. Anarudi nyumbani bila cheti, na kama alikuwa amechukua hata bumu moja, deni linabaki jina lake, kwani mkopo hudaiwa hata kwa asiyehitimu. Mzazi naye anakata tamaa na mdogo wake anayefuata. Kigoma familia nyingi humtegemea aliyetangulia avute wengine, kwa hiyo kuanguka kwa mmoja hufunga njia ya wawili au watatu.

Mwaka mmoja wa kusubiri hauna hasara ya namna hiyo. Anaweza kuomba tena chuo na mkopo mwaka unaofuata, kwa sababu Bodi hupokea waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Katika mwaka huo vyeti vitakuwa vimehakikiwa, mirathi imekamilika, na wewe umeweka akiba giza kwa giza. Kama hataki kukaa, ipo pia ngazi ya diploma. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi hukopesha hata wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele. Hata bila mkopo, akisoma chuo cha hapa hapa mkoani, kama kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), atalala nyumbani, na ile 2,380,000 ya kula na kulala inapungua sana. Anayeupenda ualimu hatafurahia uhasibu, najua, kwa hiyo asilazimishwe.

Sasa niseme na baba mdogo kuhusu kitanzi. Hofu yake ina mizizi. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Watu walilipa miaka na deni halipungui. Vyote viwili vilifutwa mwaka 2021. Kilichobaki ni mkopo wenyewe na ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Makato kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na urejeshaji huanza miezi 24 baada ya kuhitimu.

Kwa mfano wetu wa Dodoma, mdogo wako atakuwa amekopa 3,080,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, yaani 9,240,000, na fildi mbili 1,120,000, jumla 10,360,000. Ongeza asilimia 1, inakuwa 10,463,600. Akipata kazi yenye mshahara wa msingi wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni linakwisha kwa miaka saba na miezi mitatu. Halipandi akilala wala akiamka. Tatizo liko kwa asiyepata ajira, na ajira za ualimu zina foleni ndefu. Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa, angalau 100,000 kwa mwezi, na kwa kijana anayefundisha tuisheni mtaani hiyo ni mzigo kweli. Kwa hiyo aangalie masomo ya kufundishia. Ualimu wa hisabati na sayansi umekuwa ukipewa kipaumbele kwenye mikopo, na uhaba wa walimu wa masomo hayo ni mkubwa zaidi. Kama tahasusi yake inaruhusu, achague huko.

Mwambieni pia mapema kwamba miaka ile saba mshahara wake utakuwa na mkono mwingine ndani yake. Familia ikimtarajia alipe ada za wadogo wote kuanzia mwezi wa kwanza wa kazi, atakopa benki juu ya Bodi, na hapo ndipo maneno ya baba mdogo yatatimia.

Akishafika chuoni, mtu wa kumjua wiki ya kwanza ni Afisa Mikopo wa chuo. Kila fedha inapotangazwa, ya kujikimu au ya ada, asaini mara moja. Fedha isiyosainiwa ndani ya muda hurudishwa Bodi, na wapo wanaodaiwa ada ambayo ilishafika ikarudi kwa sababu hawakusaini. Kwa ile sehemu ya ada iliyo juu yenu, aandike barua kwa mhasibu wa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, akitaja tarehe mbili za kulipa zinazofuata giza zako. Vyuo husikiliza barua ya wiki ya pili kuliko machozi ya siku ya mtihani. Bumu ya siku 60 ni 600,000: siku ikiingia alipe kodi, anunue unga, mchele, maharage na mafuta ya mwezi, kisha kinachobaki akigawe kwa wiki. Mpelekee na dagaa wakavu na dumu la mawese kila anaporudi, maana mboga ndiyo inayomaliza fedha ya mwanafunzi haraka kuliko kitu kingine.

Mkopo wa mwaka wa pili hutegemea matokeo ambayo chuo hupeleka Bodi. Akiugua au akipata dharura ya kuahirisha masomo, asiondoke kimya. Achukue barua ya chuo ya kuahirisha na aipeleke kwa Afisa Mikopo, ili mkopo usimamishwe na uweze kurudishwa atakaporejea. Stakabadhi zote za ada azipige picha na kukutumia, nawe uziweke kwenye bahasha moja na vyeti vya mzee.